Riley: Bingwa aliyewatuma wadudu kupigana na wadudu

MNAMO mwaka wa 1873, kifurushi cha ajabu kilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Marekani kikielekea Ufaransa. Ndani yake hamkuwa na pamba wala tumbaku, bali vijidudu hai, vidogo mno kiasi kwamba mtu alihitaji kioo cha kukuzia ili avione vyema.

Vijidudu hivyo vilikuwa utitiri, jamaa ya ule unaoharibu unga ghalani. Wanasayansi hawauhesabu utitiri kuwa mdudu hasa, kwani una miguu minane kama buibui.

Mkulima yeyote anaufahamu utitiri kama adui. Huu uliosafirishwa, hata hivyo, ulipewa kazi ya rafiki. Ulitarajiwa kumla mdudu aliyekuwa akiangamiza mizabibu ya Ufaransa na kuwaacha maelfu ya wakulima wakiwa maskini.

Aliyeutuma alikuwa Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza umri wa miaka 30 au ndiyo kwanza ameufikia. Safari hiyo huhesabiwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya kutoa kijidudu katika taifa moja na kukipeleka jingine kwa makusudi ya kuwinda wadudu waharibifu.

Jaribio hilo halikufaulu. Lakini miaka 16 baadaye, wazo lilo hilo liliokoa mashamba ya machungwa ya California, na tangu hapo kilimo duniani hakikubaki kilivyokuwa.

Maisha ya Riley yanastahili kusimuliwa hata leo, hasa kwa wale ambao kila msimu huyaona mahindi yao yakigeuka vumbi ndani ya magunia.

Riley alizaliwa jijini London, Uingereza, mnamo Septemba 1843. Alipokuwa mvulana alipelekwa kusoma Dieppe, Ufaransa, na baadaye Bonn, Ujerumani. Huko alijifunza lugha, na kipaji chake cha kuchora kikadhihirika mapema.

Vipawa hivyo viwili ndivyo vilivyokuja kumjenga. Mkono wake uliweza kuchora mbawa za nondo hadi mshipa wa mwisho, na ulimi wake ukamwezesha kuzungumza na wakulima na wanasayansi wa mataifa kadhaa.

Akiwa na umri wa takribani miaka 17, mnamo 1860, alifunga safari peke yake hadi Marekani na kufikia katika shamba moja la jimbo la Illinois. Alilima, akachunga ng'ombe, na akashuhudia kwa macho yake jinsi mdudu mdogo anavyoweza kulifuta jasho la mwaka mzima.

Baadaye alihamia mjini Chicago na kuajiriwa na gazeti la wakulima lililoitwa Prairie Farmer. Hapo alikuwa mwandishi na mchoraji, na hatimaye akakabidhiwa safu ya wadudu. Mnamo 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, alijiunga na jeshi kwa miezi michache kisha akarejea kwenye kalamu yake.

Hakuwa na shahada ya chuo kikuu katika elimu ya wadudu. Alichokuwa nacho ni macho makini, bidii isiyochoka na mazoea ya kwenda shambani kujionea badala ya kusimuliwa.

Kutokana na sifa hizo, mnamo 1868 jimbo la Missouri lilimteua kuwa mtaalamu wake wa kwanza wa wadudu. Alikuwa na umri wa miaka 24 pekee. Mwaka huo huo, yeye na mtaalamu mwenzake Benjamin Walsh walianzisha jarida lililohusu wadudu wa Marekani.

Kati ya 1869 na 1877, Riley aliandika ripoti tisa za kila mwaka kwa jimbo hilo. Ripoti hizo, zilizosheheni michoro yake mwenyewe, zilisomwa na wakulima wa Missouri na vilevile na Charles Darwin kule Uingereza, ambaye alizithamini sana.

Riley naye alikuwa mfuasi wa mapema wa nadharia ya Darwin. Aliamini kwamba kila mdudu ana historia yake, mahali alikotoka, na maadui waliokua pamoja naye kwa maelfu ya miaka. Kwake, mkulima asiyeijua historia hiyo alikuwa akipigana gizani.

Imani hiyo ilipata kupimwa mapema. Katika miaka ya 1860, mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu iliyojulikana. Majani yaligeuka manjano, zabibu zikakauka, na mizizi ilipofukuliwa ilikutwa imeoza.

Mnamo 1868, mtaalamu wa mimea Jules-Emile Planchon na wenzake walifukua mizabibu iliyokuwa ingali hai na kukuta mizizi imejaa wadudu wadogo wa rangi ya manjano. Walikuwa filoksera, jamaa ya vidukari wanaofyonza majani ya sukumawiki.

Wafaransa wengi hawakuamini kwamba kiumbe mdogo hivyo angeweza kuangusha kilimo kizima. Baadhi yao walidai kwamba mdudu alikuja baada ya ugonjwa, wala si kwamba yeye ndiye aliyeuleta.

Riley aliyalinganisha maelezo ya Planchon na wadudu aliowafahamu kwenye mizabibu ya mwituni ya Marekani. Mnamo 1871 alisafiri hadi Ufaransa kujionea. Aliporejea, hakuwa na shaka kwamba filoksera wa Ufaransa na yule wa Marekani ni mdudu mmoja. Alikuwa amevushwa bahari pamoja na miche.

Swali lililofuata ndilo lililomtofautisha Riley na wengi wa wakati wake. Ikiwa mdudu huyu yuko Marekani tangu jadi, mbona mizabibu ya huko haifi?

Alipata majibu mawili. La kwanza ni kwamba mizizi ya mizabibu ya Kimarekani ilikuwa imezoea mashambulizi hayo kwa karne nyingi, nayo iliweza kuyastahimili. La pili ni kwamba nchini Marekani filoksera aliandamwa na maadui, mmojawapo akiwa utitiri aliouona ukiishi naye kwenye mizizi.

Hivyo ndivyo kifurushi cha 1873 kilivyofungwa. Planchon aliupokea utitiri huo na ukaachiliwa kwenye mizabibu. Ulistahimili safari, ukaishi katika udongo wa Ufaransa na hata kuzaana huko. Hata hivyo, haukuweza kumpunguza filoksera kwa kiasi cha kuiokoa mizabibu.

Mtu mwingine angetafuta visingizio, au angeendelea kutuma vifurushi zaidi ili kulinda jina lake. Riley aliugeukia ule ushahidi wa kwanza, kwamba nguvu ya mizabibu ya Marekani ilikuwa kwenye mizizi yake.

Yeye, Planchon na wenzao waliunga mkono njia ya kupandikiza vikonyo vya mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Marekani. Wakulima wa miche wa Missouri walisafirisha mashina hayo kwa wingi.

Ukombozi huo haukuja kwa siku moja. Uzalishaji wa mvinyo nchini Ufaransa, uliopita hektolita milioni 80 mwaka wa 1875, ulishuka hadi chini ya milioni 25 kufikia 1889. Lakini mizabibu iliyopandikizwa ilisimama, na hadi sasa sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya huota juu ya mizizi yenye asili ya Marekani.

Serikali ya Ufaransa ilimtunuku Riley nishani ya dhahabu kwa mchango wake.

Wakati hayo yakiendelea, balaa jingine lilikuwa limelikumba eneo la magharibi ya kati mwa Marekani. Kati ya 1873 na 1877, makundi makubwa ya nzige wa Milima ya Rocky yaliteremka na kula kila kilichokuwa kibichi.

Riley alizunguka vijijini akiwafunza watu kuchimba mitaro ya kuwanasa tunutu na kulima ardhi ili mayai yaangamie. Aidha, mnamo 1875 aliwashangaza wengi alipowaandalia wageni mlo wa nzige mjini Warrensburg, Missouri, ili kuonyesha kwamba mtu hana haja ya kufa njaa huku chakula kikimtambaa miguuni.

Kwa jamii ambazo zimekula nzige na kumbikumbi tangu enzi za mababu, jambo hilo halina ajabu. Kwa walowezi wa Missouri lilikuwa kama mzaha.

Mnamo 1877, Bunge la Marekani liliunda tume ya kitaifa ya kuchunguza nzige na kumteua Riley kuwa mwenyekiti. Mwaka uliofuata alipewa wadhifa wa mtaalamu mkuu wa wadudu katika Idara ya Kilimo mjini Washington.

Huko ndiko upande wake mwingine ulikojitokeza. Riley alikuwa mtu mwenye kiburi cha kazi yake, mwepesi wa kuudhika na mzito wa kugawana sifa. Alikosana na mkuu wake na kujiuzulu mnamo 1879, kabla hajatimiza mwaka mmoja. Alirejeshwa mnamo 1881, na akaishikilia ofisi hiyo hadi 1894.

Pamoja na kasoro hizo, hakuliacha wazo lake. Mnamo 1883 alileta kutoka Uingereza nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi wa kabichi. Vilevile alishughulikia dawa za kunyunyizia zilizochanganywa na mafuta taa na sabuni, kwani hakuwa mtu wa kutegemea silaha moja.

Kisha ikaja habari ya machungwa. Mnamo 1868, mdudu-gamba aliyejifunika kitu cheupe kama pamba alionekana California. Kufikia katikati ya miaka ya 1880, alikuwa ameenea kusini mwa jimbo hilo, na miti ya michungwa na milimau ilionekana kana kwamba imeangukiwa na theluji.

Wakulima walinyunyiza kila walichokijua. Wengine waliifunika miti kwa mahema na kuifukiza kwa gesi ya sumu. Baadhi walikata tamaa, wakang'oa miti yao na kuichoma moto.

Riley aliuliza lile swali lake la zamani: mdudu huyu ametoka wapi, na huko kwao nani humla? Ushahidi ulielekeza Australia, ambako hakusumbua watu sana.

Lakini palikuwa na kizuizi. Bunge lilikuwa limepiga marufuku matumizi ya fedha za umma kwa safari za nje za wataalamu wa wadudu, hatua ambayo wengi waliiona kuwa ililenga safari za Riley mwenyewe za Ulaya. Njia ilipatikana pale mmoja wa wafanyakazi wake, Albert Koebele, alipojumuishwa katika ujumbe wa Marekani kwenye maonyesho ya kimataifa ya Melbourne.

Koebele aliondoka San Francisco mnamo Agosti 1888. Mjini Adelaide alimkuta mdudu-kibibi mdogo mwekundu mwenye madoa meusi akimla mdudu-gamba kwa uchu. Alimtia ndani ya vikasha na kumtuma kwa meli.

Kikasha cha kwanza kilifika Los Angeles mnamo Novemba 30, 1888 kikiwa na wadudu-kibibi hai 28. Cha pili kilileta 44 na cha tatu 57. Jumla yao ilikuwa 129. Waliwekwa juu ya mchungwa mmoja uliofunikwa kwa hema, chini ya uangalizi wa mtaalamu Daniel Coquillett.

Mnamo Aprili 1889 hema lilifunguliwa upande mmoja. Kufikia katikati ya Juni, wadudu-kibibi 10,555 walikuwa wamegawiwa wakulima 208. Watu walifika na matawi na makopo kuomba wachache wa kupeleka makwao.

Kabla ya mwaka kwisha, mdudu-gamba alikuwa amepungua kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa tishio. Shughuli yote iligharimu dola elfu chache tu, huku mavuno ya mamilioni ya dola yakiokolewa.

Ushindi huo, hata hivyo, ulizaa mgogoro. Wakulima wa California walimshangilia Koebele na kumpa saa ya dhahabu. Riley, aliyekuwa amelibeba wazo hilo tangu siku za kile kifurushi cha utitiri, alihisi amesahauliwa. Uhusiano wa wawili hao ulizorota, na mnamo 1893 Koebele aliacha kazi na kuhamia Hawaii.

Pengine haki ni kwamba kila mmoja alistahili sehemu yake. Mmoja aliuliza swali, mwingine akavuka bahari kulitafutia jibu, na wa tatu akalilea chini ya hema.

Mwaka huo wa 1889, Ufaransa ilimpa Riley heshima ya kuingizwa katika kundi la wenye nishani ya Legion of Honour. Kabla ya hapo alikuwa amelikabidhi taifa la Marekani mkusanyo wake wa wadudu, wenye vielelezo zaidi ya 100,000, ambao ulikuwa msingi wa hazina ya wadudu katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.

Kifo chake kilikuwa cha ghafla. Asubuhi ya Septemba 14, 1895, alikuwa akiteremka kilima mjini Washington kwa baiskeli, akiandamana na mwanawe. Gurudumu liligonga jiwe lililokuwa limeanguka barabarani kutoka kwenye mkokoteni. Alirushwa, akaumia vibaya kichwani, na akafariki siku hiyo hiyo. Zilikuwa zimesalia siku chache tu atimize umri wa miaka 52.

Wazo lake halikuzikwa naye. Katika karne ya 20, watafiti wa iliyokuwa Czechoslovakia waliurudia utitiri, safari hii ndani ya maghala ya nafaka.

Huko mharibifu mkubwa ni utitiri wa unga, ambao hustawi nafaka inapohifadhiwa ikiwa na unyevu mwingi. Adui yake ni utitiri mwingine, unaoitwa Cheyletus eruditus kwa jina la kisayansi. Huu huuvizia ule wa unga, huukamata na kuunyonya hadi ukauke.

Jike la utitiri huu huweza kuzaa bila dume, na chakula kikiisha hulana wenyewe kwa wenyewe. Watafiti waliuachilia katika maghala matupu kabla ya mavuno kuingizwa, ili usafishe masalia yaliyojificha kwenye nyufa, na pia katika nafaka yenyewe.

Nao una mipaka yake. Nafaka ikiwa na unyevu kupita kiasi, utitiri wa unga huzaana haraka kuliko unavyoliwa. Isitoshe, si kila utitiri unaokula wadudu wa ghalani unafaa. Upo unaoitwa Pyemotes, ambao huua viwavi wa nondo wa nafaka, lakini huwauma pia wapakuzi wa magunia na kuwaacha na vipele vinavyowasha.

Kenya nayo imeionja njia ya Riley. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi na muhogo mkavu na kuuacha ukiwa unga, asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Afrika Mashariki kupitia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na mnamo 1983 alionekana Taveta.

Swali likawa lile lile: huko kwao nani humla? Jibu lilikuwa mbawakawa mdogo mweusi aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye aliachiliwa nchini Kenya mwaka wa 1992. Alisaidia kumpunguza dumuzi katika baadhi ya maeneo, hasa porini, lakini hakutosha kuyalinda mahindi ghalani peke yake. Mkulima bado alilazimika kukausha mahindi vyema, kusafisha ghala na kutumia vyombo visivyopitisha hewa.

Kwa upande wa muhogo shambani, utitiri kutoka Brazil uitwao Typhlodromalus aripo uliachiliwa nchini Benin mnamo 1993 ili kuula utitiri wa kijani unaonyausha majani. Huo ulifaulu na kuenea katika mataifa kadhaa ya Afrika. Alichokosa Riley mwaka wa 1873, wengine walikipata miaka 120 baadaye.

California nayo ilitoa funzo jingine. Katika miaka ya 1940, baadhi ya wakulima walipoanza kunyunyiza dawa ya DDT, waliwaua wadudu-kibibi bila kukusudia. Mdudu-gamba akarudi kwa kishindo, na ikabidi rafiki huyo mdogo arejeshwe na kulindwa.

Riley hakuahidi muujiza. Aliutuma utitiri, akaona hautoshi, akageukia mizizi. Mkulima anayefungua gunia leo na kukuta vumbi anaweza kuanza pale alipoanzia: amtambue mdudu aliyemwingilia, ajue alikotoka na anayemla, kisha apime bila kujidanganya kama huyo anayemla anatosha.

Akiona hatoshi, asimlaumu mdudu. Aanike mahindi yake tena.